Matairi yana kashata ndefu lakini ni ya 2015: niende nayo Marangu Desemba hii?

PremioLaKimara
Novemba 9, 2024

Wakuu habari za jioni.

Naomba ushauri kabla sijagombana na fundi wangu au na mke wangu, maana mmoja wao lazima awe amekosea.

Nina Premio, nilinunua kwa mtu mwaka 2020. Matairi niliyakuta, ya Kijapani, saizi 195/65R15. Siku za kazi gari silitumii. Linakaa uani hapa Kimara, mimi napanda mwendokasi hadi Kivukoni na kurudi. Linatoka Jumamosi kwenda sokoni na Jumapili kwenda kanisani, basi. Kwa hiyo kashata, yaani yale meno ya tairi, bado ni ndefu, ukiingiza kijiti cha kibiriti kwenye mfereji kile kichwa chekundu kinazama chote na kidogo zaidi.

Wiki iliyopita mama watoto kajifunza namna ya kusoma tarehe kwenye tairi. Katoka nje usiku na tochi ya simu, karudi ndani: "Baba Neema, matairi haya ni ya 2015. Desemba watoto wangu hawaendi nayo Moshi." Nikainuka kuangalia mwenyewe. 4115, 4115, 4115, na moja 0216.

Fundi nimempelekea juzi. Kayapiga makofi mawili matatu, kasema, "Bosi, hizi bado zinakula miaka mitatu."

Safari yenyewe ni Kimara hadi Marangu, watu watano, mizigo ya kwenda, na ya kurudi mnaijua. Nimeulizia bei: ya Kichina naambiwa 140,000 moja, ya Kijapani inaanzia 260,000. Zidisha mara nne mwezi huu wa kuelekea ada za Januari.

Swali langu ni moja tu. Tairi linazeeka kwa kutembea au kwa kukaa?

---

Mbishi wa Tandika

Kashata ipo? Ipo. Nyuzi zinaonekana? Hazionekani. Limetoa nundu? Halijatoa. Endesha gari, mkuu. Habari za tarehe zimeletwa na wauza matairi. Marehemu baba aliendesha Peugeot 504 na matairi yaleyale tangu niko darasa la pili hadi naingia sekondari, na tulikuwa tunakwenda nayo Songea barabara ya vumbi.

---

nipo_kimya

Nimekaa paleee nafuatilia.

---

Mwanaidi_T

Mkuu PremioLaKimara, shemeji yetu yuko sahihi. Mpe pole kwa kutoka nje usiku.

Nimekaa kaunta ya duka la matairi hapa Tanga miaka sita, na swali lako nililisikia karibu kila wiki. Jibu ni kwamba linazeeka kwa vyote viwili, ila kwa kutembea unaona na kwa kukaa huoni.

Zile tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 4115 ni wiki ya 41 mwaka 2015, yaani mwezi wa kumi. Kwenye tairi nyingi zinafuata baada ya herufi DOT, lakini tairi zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe mara nyingi hazina DOT, utakuta namba tu. Na mara nyingi tarehe kamili imepigwa upande mmoja wa tairi. Ukiikosa kwa nje, usiseme haipo, lala chini uangalie upande wa ndani.

Sasa kwa nini linazeeka. Mpira unaliwa na hewa yenyewe. Oksijeni inaingia taratibu, nje na ndani pia, kwa sababu ndani umejaza hewa hiyohiyo. Jua na joto vinaharakisha. Mpira unakakamaa, unapoteza ule mvuto, na pale safu za nyuzi za chuma zinaposhikana na mpira panaanza kulegea. Kiwandani wanachanganya nta na dawa za kuzuia nyufa, na zile dawa zinasogea kuja juu pale tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Gari la kusimama uani wiki nzima, jua la Kimara linapiga upande uleule, uzito umekaa sehemu ileile, ile dawa haiji juu ipasavyo. Ndiyo maana unaweza kukuta teksi inayomaliza kashata kwa miaka miwili haina ufa hata mmoja, na gari la mstaafu lenye kashata kama jipya limepasuka mbavuni kama kisigino cha mtu wa peku kiangazi.

Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataja miaka sita kuwa umri wa kubadilisha tairi. Michelin wao wanasema tairi likishatumika miaka mitano lianze kukaguliwa na mtaalamu kila mwaka, na likifika kumi tangu litengenezwe litolewe hata kama kashata ipo, pamoja na spea.

---

Mbishi wa Tandika

Dada Mwanaidi asante, umenisaidia. Michelin wenyewe wamesema kumi. Ya kwake yana tisa. Kesi imekwisha, funga uzi.

---

Mwanaidi_T

Kaka Mbishi, soma sentensi yote. Kumi ni mwisho kwa tairi ambalo kila mwaka limekaguliwa, limekaa na upepo sahihi na halina dosari. Yeye matairi kayakuta kwenye gari. Hajui huko nyuma yalitembea na upepo gani wala yalipanda kingo ngapi za barabara.

---

Fundi Pancha Mbezi

Naingia hapa kwa sababu ofisi yangu ndiyo hiyo, kompresa na mti wa mwarobaini.

Kulipiga tairi makofi hakukuambii kitu. Hata kulipiga kwa nyundo kwenye lori unajua tu kama lina upepo au halina. Mkuu, fanya hivi. Asubuhi gari likiwa halijatembea, pindisha usukani wote upande mmoja ili tairi la mbele litokeze. Usiangalie juu ya kashata, angalia CHINI ya mfereji, kati ya kashata na kashata. Nyufa za uzee nyingi zinaanzia pale. Halafu mbavuni, pale yalipoandikwa maandishi, na karibu na rimu. Binya kidogo kwa kidole gumba: ufa ukifunguka ukaona ndani yake, hilo limechoka. Nyufa nyembamba kama unywele ambazo hazifunguki, hizo ni za kufuatilia.

Jambo la pili: kama gari limetoka kuoshwa usikague siku hiyo. Ile dawa ya kung'arisha wanayopaka vijana inajaza nyufa, tairi la miaka kumi linameta kama la dukani. Sugua na sabuni kwanza. Na ukiona tairi limekuwa la kahawia usiliogope kwa hilo peke yake, ni ile dawa aliyosema dada imetoka juu.

Jambo la tatu: mimi nikilivua kwenye rimu ndiyo naona ukweli. Tairi lililotembea bila upepo wa kutosha, ndani mbavuni lina unga mweusi na mstari kama limekwanguliwa. Nje zuri kabisa. Hilo likipata joto na mzigo, halikuagi.

---

Dereva Mstaafu

Vijana, shikamooni mnaostahili, marahaba kwa wengine.

Nimeendesha mabasi ya mikoani miaka ishirini na tatu. Kampuni siitaji, na wenyewe hawapo tena. Siku moja natoka Arusha, nimeshapita Segera, nakaribia Mkata, saa nane mchana, jua limesimama. Mbele kushoto likaondoka. Halikutoboka, LILIONDOKA. Kashata yote ilibanduka kama ganda la chungwa, ikapiga bodi mara mbili tatu, halafu ndiyo upepo ukatoka. Asubuhi yake nilikuwa nimelikagua mwenyewe na kashata ilikuwa nzuri. Miaka hiyo nani alijua kusoma hizo namba.

Kilichotuokoa ni kwamba aliyenifundisha kazi alinipiga sana kichwani kuhusu kitu kimoja: tairi la mbele likipasuka, mguu toka kwenye breki. Shika usukani kwa mikono miwili, unyooshe, mwache mnyama apoe mwenyewe, ndiyo uanze kutoka barabarani polepole. Ukikanyaga breki kwa hofu gari linazunguka kuelekea upande wa tairi lililokufa. Tulisimama mita nyingi mbele. Abiria wakashuka wakaimba.

Kijana wa Premio, barabara yako ni hiyohiyo, na Same kule chini mchana si mchezo.

---

PremioLaKimara

Mzee wangu shikamoo. Umenitoa jasho nikiwa nimekaa.

Wakuu, nimefanya kama alivyosema Fundi Pancha. Nimesugua na sabuni, nikasubiri yakauke. Mbavuni kuna nyufa ndogondogo, hazifunguki. Lakini chini ya mifereji, matairi mawili ya kulia, ndiyo upande unaopigwa na jua la jioni hapa uani, kuna mistari inazunguka karibu tairi zima, na nikibinya kwa gumba inafunguka. Picha zimekataa kupanda.

Swali lingine. Shemeji yangu anayesafiri sana kanishauri nikianza safari nipunguze upepo kidogo, kwa sababu tairi likipata moto upepo unapanda, linaweza kupasuka. Nimekuwa nikifanya hivyo kila Desemba.

---

Fundi Pancha Mbezi

Acha leo hii. Hilo ndilo linaua matairi ya watu kila mwisho wa mwaka, nayaokota mimi.

Tairi likiwa na upepo mdogo, mbavu zinajikunja zaidi kila mzunguko, na huko kujikunja ndiko kunakoleta moto. Ukipunguza upepo unaongeza moto. Halafu umepakia watu watano na magunia. Kupanda kwa upepo barabarani ni kawaida, tairi limetengenezwa kwa hilo, likipanda psi nne au sita usilitoe. Pima asubuhi likiwa baridi, jaza kama kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinavyosema. Magari ya Japani wanaandika kwa kPa, mfano 230 ni kama psi 33. Ukiwa na mzigo kamili angalia kama kibandiko kina namba ya mzigo, fuata hiyo.

Na usije ukaniuliza habari za naitrojeni. Hewa yangu ya bure ina naitrojeni asilimia 78 tayari.

---

Mwanaidi_T

Hapo kwenye naitrojeni nimecheka peke yangu ofisini.

PremioLaKimara, ikiwa nyufa za chini ya mfereji zinafunguka kwa gumba, sisi dukani tulikuwa tunamwambia mteja asirudi nalo hata Pangani, sembuse Marangu. Maji yanaingia kupitia zile nyufa, yanafika kwenye nyuzi za chuma, nyuzi zinapata kutu, na kashata inaanza kuachia. Kisa cha Mzee Mstaafu ndivyo kinavyoanza.

---

Mtende wa Maskati

Asalaam aleikum. Mie niko Maskati mwaka wa kumi na moja sasa, kwetu Unguja. Huku kiangazi lami ukiivunjia yai linaiva. Tairi la miaka minne kwetu ni mzee. Majirani zetu wa Imarati wameweka sheria kabisa: ukikutwa na tairi lililopitwa na umri au lililochakaa, faini dirham 500 na gari linazuiliwa siku saba. Watu wanaangalia namba ile kabla ya kuangalia bei.

Sasa hebu jiulizeni, hizo zote zinazotolewa kwenye magari ya huku kwa ajili ya umri tu, kashata bado nzima, zinakwenda wapi? Mie nishaona kontena zinapakiwa. Sisemi zaidi.

---

Lori la Leicester

Mtende umegusa penyewe. Mimi naendesha lori Uingereza. Hapa kwa gari dogo sheria inaangalia kina cha kashata tu, milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati, umri hauna sheria. Ila kwa sisi wakubwa, tangu Februari 2021 tairi lenye zaidi ya miaka 10 ni marufuku kwenye ekseli ya mbele ya lori na basi, na kwa mabasi madogo ni kila gurudumu la tairi moja.

Sheria hiyo ilipatikana kwa machozi. Septemba 2012 basi lilikuwa linarudisha vijana kutoka tamasha la muziki Isle of Wight kwenda upande wa Liverpool. Barabara ya A3, Surrey, tairi la mbele likapasuka, basi likaingia kwenye mti. Wakafa watatu, dereva mmojawapo. Uchunguzi ukakuta kashata ilikuwa halali kabisa, lakini tairi lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Kumi na tisa! Lilikuwa karibu sawa na umri wa vijana waliokufa. Mama wa kijana mmoja akaifuatilia serikali miaka mingi hadi wakabadilisha.

Kaka Mbishi, hapo nani angesema "kashata ipo"?

---

Mbishi wa Tandika

Sawa, mimi si jiwe, nimesoma na nimenyamaza kidogo.

Lakini ninyi wa Uingereza na Maskati mnaongea kama hela inaota. Mtu ana Vitz anabebea vifaranga vya biashara, mnamwambia atoe laki tano na zaidi kwa sababu ya namba. Ndiyo maana tunakwenda kwenye mtumba. 45,000 moja, kashata ya kutosha, kazi inaendelea. Mwambieni huyo afanye nini, na si "nunua mapya".

---

Mwananjia254

Niaje wadau, naingilia kutoka Thika. Bro Mbishi, mimi hiyo mambo ya mtumba ilinifunza.

2022 nilinunua nne za ex-Japan za Probox, mtu akaniapia hazina hata mwaka barabarani. Tread ilikuwa nono, laini ukishika, nikasema hapa nimepata. Miezi mitano zimeisha kama kifutio. Na kwa lami ya moto gari ilikuwa inayumba kwa kona kama imelewa. Kuuliza kumbe ni zile za barafu, za Wajapani wa kaskazini, Hokkaido huko. Mchoro wa mlima wenye nyota ya theluji ulikuwa pale kwa ubavu muda wote, mimi sikuwa najua ni nini, nilidhani ni nembo ya kampuni.

Na kitu ingine ya kuchekesha: ukiona tairi imeandikwa Made in Kenya, hiyo ni kumbukumbu ya taifa. Kiwanda cha Sameer pale Nairobi kilifunga 2016. Kwa hivyo hata kama muuzaji anakuapia, hesabu mwenyewe.

---

Dereva Mstaafu

Hahaha. Na sisi tulikuwa na General Tyre ya Arusha. Tairi zile zilikuwa ngumu, tulizipenda. Leo ukiuziwa moja mtaani kama "mpya haijavaliwa", mshukuru Mungu kwanza halafu uondoke.

---

Mwanaidi_T

Kaka Mbishi swali lako ni la haki, nisilipite.

Mtu mwenye 45,000 mkononi siwezi kumwambia laki mbili na nusu. Ningemwambia hivi: ya Kichina mpya yenye tarehe ya mwaka huu au mwaka jana, saizi yake sahihi, ni bora kuliko ya Kijapani ya 2014 yenye jina kubwa. Jina haliyeyushi miaka. Angalia tu ile namba na herufi baada ya saizi. Kwa mfano 91H: 91 maana yake tairi moja linabeba kilo 615, H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Mwendo huo huutaki, lakini ile 91 usishuke chini yake, na kwa Noah au gari la mizigo ndiyo kabisa. Nimeona Noah imevalishwa tairi za gari dogo kwa sababu tu zimeingia kwenye rimu.

Na ikibidi mtumba, basi soma tarehe mwenyewe, angalia chini ya mifereji, na mwambie akuonyeshe NDANI ya tairi kabla ya kulivalisha. Akikataa kukuonyesha ndani, amekujibu tayari.

Za kuchongwa mifereji upya kwa kisu cha moto sizizungumzii, naomba tusifike huko.

---

PremioLaKimara

Wakuu nimekubali. Mke wangu kasoma uzi wote huu na kaniambia nikisha mjibu kila mtu nimwombe radhi.

Ila hela ya nne kwa mkupuo ni shughuli. Nikinunua mawili sasa na mawili Februari, mapya niweke mbele au nyuma? Premio langu linavuta kwa mbele.

---

Dereva Mstaafu

Mbele. Usukani uko mbele.

---

Fundi Pancha Mbezi

Mbele. Kila mteja wangu anaweka mbele, ndiko yanakolika haraka.

---

Lori la Leicester

Heshima kwenu wakubwa, ila hapa naomba tupishane. NYUMA.

Sababu ni mvua. Tairi zilizochoka za mbele zikiteleza kwenye maji, gari linakwenda moja kwa moja mbele, unaondoa mguu kwenye mafuta linapungua mwendo, usukani unarudi. Dereva wa kawaida anaweza kuokoa. Zilizochoka zikiwa nyuma, matako ya gari ndiyo yanayoteleza, gari linazunguka, na ukiondoa mguu kwa hofu ndiyo linazunguka zaidi. Hapo hata dereva mzuri hana la kufanya. Haijalishi linavuta mbele au nyuma. Watengenezaji, Michelin wakiwemo, wanasema hivyohivyo: mapya nyuma.

---

Fundi Pancha Mbezi

Hii imenikaa vibaya, miaka yote hii nimekuwa nikiweka mbele. Lakini mzee Mstaafu alisema ya mbele likipasuka gari linakuvuta. Sasa ya kuukuu ndiyo yabaki mbele?

---

Mwanaidi_T

Fundi umeuliza swali la maana kuliko yote humu. Kanuni ya mapya nyuma ni ya tairi ambazo zilizobaki bado ni nzima, kashata tu imepungua. Ya mkuu huyu hayajapungua kashata, yameoza. Tairi lililooza halina mahali pa kukaa, si mbele wala nyuma. Kwa hiyo PremioLaKimara, kugawanya mawili mawili kungekufaa kama yangekuwa na miaka minne. Kwa haya, ama nne, ama panda basi Desemba hii na ubadilishe Februari. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi piga hesabu mwenyewe.

---

PremioLaKimara
Novemba 30, 2024

MREJESHO.

Nauli nilipiga hesabu. Nikaenda kununua nne.

Duka la kwanza Kariakoo kijana akaniletea "mpya mpya bosi", bado zina vile vinywele vya mpira. Nikawasha tochi. 0821. Nikamwambia hizi zina miaka mitatu na zaidi. Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. Akasema zilikuwa stoo, stoo tairi halizeeki. Nikakumbuka swali langu la mwanzo nikacheka, nikaondoka. (Najua stoo yenye giza na ubaridi si sawa na juani, lakini kwa bei ileile nichukue la nini?) Duka la tatu nikapata 2224, Kichina, 91H, 135,000 moja baada ya kuvutana. Wakafunga, wakafanya balansi, nikalipia na alaimenti.

Sasa sikieni. Nilisimama pale wanapoyavua nikawaambia nataka kuona ndani. Yale mawili ya kulia, moja lina ule unga mweusi aliosema Fundi Pancha, umekusanyika kama masizi ya chungu. Lile la 0216 lina kiraka cha zamani karibu kabisa na bega la tairi, mahali ambapo fundi wa pale mwenyewe alisikitika kwamba hapazibwi. Nimekwenda nalo Moshi mara nne. Na upepo nimepunguza.

Gari limekuwa kimya barabarani, na ile mtikisiko ya usukani ikifika 90, ambayo nilishatumia laki mbili kubadilisha bushi kwa ajili yake, imekwisha.

Mke wangu hajasema neno. Ananiangalia tu.

---

Mwanaidi_T

Alhamdulillah. Na spea je?

---

PremioLaKimara

...

Nimetoka kufungua buti. 3104. Gari lenyewe ni la 2004. Hili tairi limetoka nalo kiwandani Japani, halijawahi kugusa lami.

---

Fundi Pancha Mbezi

Na lina upepo?

---

PremioLaKimara

Psi 9.

---

Fundi Pancha Mbezi

Hilo lipe watoto wafanyie bembea. Kwenye yale ya zamani chukua lile la 4115 lenye nyufa zisizofunguka na ambalo ndani ni safi, liweke spea kwa muda. Likikupata la kukupata, tembea nalo mwendo wa bibi harusi hadi mji wa karibu, si zaidi. Likae hivyo hadi upate hela ya la tano.

---

Mbishi wa Tandika

Kwa hiyo tairi la 2015 limepatiwa kazi. Nilisema mimi.

---

nipo_kimya

Wakuu samahani, nimekuwa kimya muda wote. Nimekwenda kuangalia spea ya Corolla yangu, ile 110. Namba zake ziko tatu tu, siyo nne. 348, halafu kuna kipembetatu kidogo pembeni. Hiyo inasomwaje?

---

Lori la Leicester

Tarakimu tatu ni kabla ya mwaka 2000. Mbili za kwanza ni wiki, ya mwisho ni mwaka, na hicho kipembetatu kinaonyesha ni muongo wa tisini. Wiki ya 34, 1998.

---

Mbishi wa Tandika

Hilo lilikuwa na sifa ya kupiga kura uchaguzi wa 2020.

---

nipo_kimya

Juzi nimekwenda nalo Bagamoyo.